Mbona Bado Simpendi Mwanangu?

Siku hiyo tulikuwa Mkange, kwenye njia ya kuelekea Saadani. Tulikuwa tumemaliza mazungumzo na kikundi cha vijana, tukaanza kupita nyumba kwa nyumba kuwasalimia wazazi wapya. Nyumba ya tatu tukapiga hodi, akatupokea mama mmoja mtu mzima. "Karibu mwanangu, ingia ndani, mzazi yumo." Ndani ya chumba chenye giza kidogo na harufu ya mafuta ya nazi alikuwa amekaa binti yake wa miaka 19. Mtoto alikuwa na siku 12. Baba mtoto alikuwa amekwenda Dar kutafuta kibarua.

Mama alipotoka kwenda kukoroga uji, yule binti akaninong'oneza. "Dada, nikuulize kitu, ila usimwambie mama. Hivi kuna dawa ya kumpenda mtoto? Kila anayekuja ananiambia hongera, mtoto mzuri. Mimi nikimwangalia namwona kama mtoto wa jirani. Namnyonyesha, nambadilisha nepi, basi. Halafu nalia."

Msomaji wangu, mimi bado sijazaa. Nimesoma chuo kikuu, vyeti ninavyo, lakini swali lile lilinikamata. Nikamjibu kwa kifupi tu kwa sababu mama alikuwa anarudi na uji. Makala hii ndiyo jibu langu refu. Ni kwa ajili yake, na ni kwa ajili yako wewe uliyejifungua juzi, au mkeo, dada yako au rafiki yako amejifungua juzi.

Wewe si mama mbaya

Kwanza kabisa, tuondoe aibu. Tumelishwa maneno kwamba mtoto akitoka tu tumboni, mama anamwangalia na papo hapo moyo unajaa mapenzi. Kwa wengine huwa hivyo kweli, lakini kwa wengi sivyo. Umeumwa uchungu usiku kucha, umepoteza damu, pengine umeshonwa, hujalala, maziwa yanauma, na mtu uliyepewa mikononi humjui. Hajui kucheka wala kukusalimia. Anachojua ni kulia. Ukiona hujampenda siku hiyo hiyo, hujarogwa wala huna roho mbaya. Umechoka, na bado hamjazoeana.

Neno lenyewe ndilo hilo, kuzoeana. Mapenzi ya mama na mtoto hujengwa kidogo kidogo, kama nyumba ya udongo. Leo unasimamisha nguzo, kesho unafunga fito, kesho kutwa unakandika. Na fundi asipokula wala kulala, nyumba haisimami. Ndiyo maana katika makala hii utaona maneno mawili yakienda pamoja: mtunze mtoto, jitunze wewe. Usitenganishe.

Mtoto anakujua kuliko unavyodhani

Unadhani mtoto mchanga haoni wala haelewi? Kumbe tangu akiwa tumboni alikuwa anakusikia. Akizaliwa, sauti yako anaitambua miongoni mwa sauti za wanawake wengine. Harufu ya mwili wako na ya maziwa yako anaijua ndani ya siku chache. Macho yake huona vizuri kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30 hivi. Sasa pima mwenyewe: ukimpakata ukimnyonyesha, kutoka kwenye titi hadi kwenye uso wako ni umbali gani? Ni huo huo.

Basi, anza na mambo haya madogo. Hayahitaji fedha.

Mlaze kifuani ngozi kwa ngozi. Mvue nguo umwachie nepi na kofia, mlaze katikati ya matiti yako, kisha jifunikeni kanga. Joto lako humtunza, mapigo ya moyo wako humtuliza. Kwako wewe, mguso huo na kunyonya kwake hufanya mwili utoe homoni iitwayo oksitosini. Homoni hiyo husukuma maziwa yatoke, husaidia mfuko wa uzazi kusinyaa, na humtuliza mama pia.

Mwangalie wakati ananyonya. Weka simu pembeni walau mara moja au mbili kwa siku. Mtazame, naye atakutazama.

Zungumza naye. Mwambie unachofanya: "Sasa nakuogesha, sasa nakupaka mafuta." Majirani wakikucheka waache wacheke. Mwimbie pia, hata kama sauti yako ni ya chura.

Mjibu anapolia. Wapo watakaokwambia usimbebe bebe, utamdekeza. Si kweli, mtoto wa wiki mbili hajui kudeka. Kulia ndiyo lugha yake: njaa, baridi, nepi mbichi, gesi tumboni, au anataka mtu tu. Huwezi kupatia kila mara, na hakuna mama anayepatia kila mara. Kujaribu kwako ndiko kunakomfundisha kwamba akiita, mtu huja.

Na siku akilia hadi ukaona kichwa kinapasuka? Kilio cha watoto wengi huongezeka wiki za mwanzo na kufika kilele karibu na wiki ya sita, kisha hupungua. Siku hiyo mlaze chali mahali salama, toka nje ya mlango, vuta pumzi, nawa uso, mwite mtu. Kamwe usimtikise mtoto kwa nguvu. Ubongo wake ni laini, unaweza kuumia usipone. Kumweka chini dakika tano ukatulia si dhambi.

Watoto 28 wa Uganda

Hapa nataka nikupe habari iliyonifurahisha nilipokuwa chuo. Vitabu vingi vya dunia kuhusu mapenzi ya mama na mtoto vinaanzia hapa hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda. Akaanza kuwatembelea mama 26 wenye watoto wachanga 28 katika vijiji vya karibu na Kampala. Alikuwa akienda majumbani mwao kila baada ya wiki mbili hivi, anakaa saa mbili, anaangalia mama na mtoto wanavyoishi, anauliza maswali. Alifanya hivyo kwa miezi kadhaa, na mwaka 1967 akatoa kitabu.

Aliona nini? Watoto wengi walikuwa na utulivu. Mama akiwepo, mtoto anatambaa, anachezea vitu, halafu anarudi kwa mama kama mtu anayerudi nyumbani. Wengine walikuwa na wasiwasi, wanalia sana hata wakiwa wamebebwa. Akajiuliza, tofauti inatoka wapi? Jambo moja lililojitokeza ni hili: mama wa watoto watulivu walikuwa wakiulizwa habari za mtoto wanazimwaga. Anapenda nini, analia namna gani akiwa na njaa, jana amefanya nini kipya. Walikuwa wanamwangalia, kwa hiyo walikuwa wanamjua.

Na jambo jingine muhimu kwetu: kulelewa na watu wengi, bibi, shangazi na dada, hakukuonekana kumwondolea mtoto utulivu wake. Umeona? Ukimwachia bibi mtoto ukalala saa mbili, hujamnyang'anya mtoto mapenzi. Wahenga walishasema, mkono mmoja haulei mwana.

Aliyezaliwa njiti

Kwa mama aliyezaa njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, kuzoeana kunaweza kuwa kugumu zaidi. Mtoto ni mdogo mno, anaogopa kumgusa. Zamani mtoto wa namna hii aliwekwa mbali na mama, mama akachungulia tu.

Mwaka 1978, huko Bogotá nchini Kolombia, madaktari walikuwa na upungufu wa vifaa vya kuwapa watoto joto. Wakawaambia mama wawabebe watoto kifuani, ngozi kwa ngozi, kama kangaruu, yule mnyama wa Australia anayembeba mwanawe kwenye mfuko wa tumboni. Njia hiyo ikaenea duniani. Mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Hospitali ya kwetu ilikuwa Muhimbili. Watoto walikuwa na uzito kati ya kilo 1 na kilo 1.8 hivi. Miongoni mwa walioanza kubebwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, 12 kati ya kila 100 walifariki ndani ya siku 28. Miongoni mwa waliosubiri kwanza hadi hali zao zitulie, walifariki karibu 16 kati ya kila 100. Kifua cha mama kiliokoa maisha. Na mama alipokuwa mgonjwa, ndugu aliyemchagua alimbeba mtoto badala yake.

Kwa hiyo kama wako ni njiti, usikae pembeni. Mwambie muuguzi, "Naomba nifundishwe kumbeba kifuani."

Arobaini: chukua lililo jema

Sisi watu wa Pwani tuna mila yetu ya arobaini. Mzazi anakaa ndani siku 40, hachoti maji, hakati kuni, anapikiwa uji wa pilipili manga, anakandwa, anaogeshewa mtoto. Wasomi wengine huicheka. Mimi siicheki. Bibi zetu waliona kwamba mwanamke aliyezaa anahitaji watu wa kumbeba yeye, ili naye ambebe mtoto. Shida ya siku hizi ni kwamba arobaini inapungua. Wengine siku ya saba wako shambani au wanauza vitumbua, kwa sababu hakuna mtu wa kuwashikia kazi.

Basi tufanye hivi. Yaliyo mema tuyashike: mapumziko, chakula cha moto, watu wa kusaidia. Kula mlo mmoja zaidi ya kawaida yako. Si lazima nyama. Kisamvu au mchicha, dagaa, maharage, mayai ukipata, na embe au papai la msimu. Kila unapokaa kunyonyesha, weka kikombe cha maji pembeni. Mtoto akilala mchana, na wewe lala. Vyombo vitasubiri.

Yenye madhara tuyaache. Kukandwa kwa maji ya moto yanayounguza kunababua ngozi, na kama umefanyiwa upasuaji ni hatari kwa kidonda. Kitovu cha mtoto usikipake majivu, mate wala kinyesi cha ng'ombe. Yale maziwa ya mwanzo ya njano, dang'a, usiyakamue ukayamwaga. Hayo ni kinga yake ya kwanza. Mnyonyeshe ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, halafu maziwa yako peke yake, bila maji wala uji, hadi miezi 6. Kisha mwanzishie vyakula vingine huku ukiendelea kumnyonyesha hadi miaka 2 au zaidi. Mwenye virusi vya UKIMWI naye ananyonyesha, ila ameze dawa zake kila siku bila kuruka na afuate ushauri wa kliniki.

Na arobaini isikuzuie kwenda zahanati. Shirika la Afya Duniani linashauri mama na mtoto waangaliwe ndani ya saa 24 za kwanza, tena siku ya pili au ya tatu, tena kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena wiki ya sita. Kutoka ndani kwenda kupimwa si kuvunja mila. Jifunike vizuri, muongozane na mama, rudini.

"Utambemenda mtoto!"

Hili nalo linawanyima usingizi mama vijana wengi. Mtoto akikonda au akichelewa kukaa, watu wanaanza kunong'ona: kabemendwa. Yaani eti wazazi wamelala pamoja mapema, au baba ametembea nje, ndiyo maana mtoto amedhoofu. Matokeo yake mama anaona aibu, anamficha mtoto ndani, hampeleki kliniki.

Ukweli ni huu. Tendo la ndoa haliharibu maziwa, na mbegu za mwanamume haziingii kwenye titi. Mtoto akikonda kuna sababu: hanyonyi vya kutosha, ana ugonjwa, au ameanzishiwa vyakula vibaya au mapema mno. Mpeleke apimwe.

Lakini ndani ya mila hii kuna punje ya hekima. Ukipata mimba nyingine haraka, mtoto wa kwanza anaachishwa ziwa mapema, na wewe mwili wako haujarudi. Inashauriwa ukae angalau miaka 2 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Kwa hiyo msiogope kubemenda, jipangeni. Mrudiane pale kidonda kimepona, damu imekata na wewe mwenyewe uko tayari, si kwa sababu umelazimishwa. Na kabla ya siku hiyo, nenda ukaongee na muuguzi kuhusu uzazi wa mpango. Zipo njia ambazo mama anayenyonyesha anaweza kutumia bila kuathiri maziwa: kondomu, vipandikizi, kitanzi na nyingine.

Machozi ya kawaida, na machozi ya ugonjwa

Sasa turudi kwa yule binti anayelia. Zaidi ya nusu ya wanawake hupata kipindi cha machozi baada ya kujifungua. Huanza kwenye siku ya tatu hivi. Unalia bila sababu, unakasirika kwa neno dogo, saa moja baadaye unacheka. Homoni zimeshuka ghafla na usingizi hakuna. Hali hii kwa kawaida hupita yenyewe ndani ya wiki mbili. Dawa yake ni kulala, kula, kusaidiwa, na mtu wa kukwambia "pole, itapita".

Lakini ikizidi wiki mbili, au ikawa nzito tangu mwanzo, huo unaweza kuwa ugonjwa uitwao sonona. Dalili zake ni hizi: huzuni karibu kila siku, hakuna kinachokufurahisha, usingizi hauji hata mtoto akiwa amelala, hamu ya chakula imekwisha, unajiona huna faida, unamwogopa mtoto au humjali kabisa, au unawaza kufa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, katika nchi kama zetu karibu mama 1 kati ya 5 hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona. Wahesabu mama watano wenye watoto wachanga mtaani kwenu.

Sonona si uvivu, si dharau, si kukosa imani. Ni ugonjwa na unatibika. Na si lazima uwe mjini kwa daktari bingwa. Huko vijijini Pakistani, wahudumu wa afya wa kawaida, wanawake wa pale pale, walifundishwa kuwatembelea mama wenye sonona, kuwasikiliza na kuwasaidia kubadili mawazo yanayowakandamiza. Matokeo yalitolewa mwaka 2008. Baada ya miezi 6, waliobaki na sonona kati ya waliotembelewa walikuwa 23 kwa kila 100. Kati ya mama ambao matembezi yao hayakuwa na mafunzo hayo, walikuwa 53. Kwa hiyo anza na mhudumu wa afya wa kijijini kwenu au muuguzi wa zahanati. Mwambie hivi hivi: "Nesi, nina wiki tatu nalia, simpendi mwanangu, nisaidie." Maneno hayo yanatosha.

Kuna hali nyingine inayotokea kwa nadra, mama 1 au 2 kati ya 1,000. Mama anachanganyikiwa ghafla siku za mwanzo, anasikia sauti, anasema mambo yasiyokuwepo, halali kabisa. Ndugu watasema karogwa au ana pepo. Jamani, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, na msimwache peke yake na mtoto. Hivyo hivyo kwa mama anayesema anataka kujidhuru au kumdhuru mtoto.

Kaka, na wewe unahusika

Ewe kijana wa kiume unayesoma huku ukisema haya ni mambo ya kina mama, subiri kwanza. Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mwanamume likizo ya siku 3 za malipo mkewe akijifungua, na mwanamke siku 84, au 100 kama ni mapacha. Lakini wewe mkulima au mwendesha bodaboda huna bosi wa kukupa likizo. Utajipa mwenyewe. Chota maji, tafuta kuni, fua nepi. Watakucheka wiki moja, halafu watazoea. Mbebe mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Kifua chako nacho kina joto. Usiku mama akimaliza kunyonyesha, mchukue umcheulishe, yeye alale. Na kama uko mbali kwa kazi, piga simu, na swali lako la kwanza lisiwe "mtoto hajambo?" tu. Uliza, "Na wewe umelala? Umekula?"

Maisha yako hayajaisha

Kama ulikuwa shuleni ukapata mimba, sikiliza. Tarehe 24 Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito wanaruhusiwa kurudi shule baada ya kujifungua. Mzazi au mlezi wako aende kuongea na mwalimu mkuu au afisa elimu. Usichelewe. Na hapa nakuomba usijione umemtupa mtoto. Mama aliyesoma anampa mwanawe kitu, na bibi aliyekubali kumshika mtoto asubuhi naye ni mlezi wake.

Dalili za hatari: usisubiri

Mama akiwa na damu nyingi, homa, uchafu wenye harufu mbaya ukeni, kichwa kikali na macho kuona ukungu, degedege, kifua kubana, au mguu mmoja kuvimba na kuuma, aende kituo cha afya mara moja.

Mtoto akikataa kunyonya, akiwa na degedege, akipumua haraka (mara 60 au zaidi kwa dakika), kifua kikiingia ndani, mwili ukiwa wa moto sana au wa baridi, akilegea, akiwa wa njano, au kitovu kikiwa chekundu na kutoa usaha, aende mara moja, na njiani abebwe kifuani apate joto.

Kama usafiri ni shida, piga 115 bure. Ni namba ya mpango wa m-mama, uliopangwa kwa ajili ya kuwasafirisha wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wakati wa dharura. Iandike ukutani leo, usingoje siku ya shida.

Yule binti je?

Nilipopita Mkange tena, arobaini yake ilikuwa imekwisha. Nilimkuta barazani, mtoto kifuani. Alikuwa amemwambia mama yake ile siri, na mama badala ya kugomba alinyamaza, akasema, "Hata mimi nilipokuzaa wewe nililia." Wakaenda zahanati pamoja. Sasa kila mchana bibi anamchukua mjukuu, binti analala.

Nikamuuliza, "Ile dawa umeipata?" Akacheka. "Dada, bado siku nyingine nalia. Lakini akilia yeye, sasa najua analilia nini."

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Naongeza hapo: na anayemlea mwana naye alelewe.

Jadilianeni kwenye kikundi chenu

1. Hapa kwetu mzazi anapumzika siku ngapi hasa? Nani anamsaidia, na asiye na mtu tumsaidieje?
2. Rafiki yako akikwambia hampendi mtoto wake, utamjibu nini?
3. Mtoto akikonda, watu husema nini? Je, maneno hayo yanamsaidia mama au yanamfanya ajifiche?
4. Wavulana: taja kazi tatu unazoweza kufanya nyumbani wiki ya kwanza mtoto akizaliwa. Utaanza na ipi?